Kamba Inayooza

Mgomba hauna cha kutupwa. Katika vibanja vya Bukoba na Muleba ndizi huliwa au hukamuliwa ikawa pombe ya rubisi, jani hufunika chungu, na shina lililokwisha kuzaa hukatwakatwa na kuachwa lioze chini ya mibuni. Yanabaki maganda ya nje ya shina, yale yaliyojikaukia yenyewe yangali yameshikamana na mti. Hayo ndiyo kamba. Kwa hayo watu wa upande huu wa Ziwa Victoria wamefunga tita la kuni, mzigo wa nyasi, ua wa matete, mwega wa mgomba ulioelemewa na mkungu, fito za nyumba, na miguu ya kuku anayepelekwa mnadani.

Hakuna aliyeisifu kamba hiyo kwa kudumu. Mahali pakavu, hasa juu ya moshi wa jiko, itakaa. Nje, katika nchi ambayo mwambao wake hupata mvua ya kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, italowa, itaota ukungu, itakatika. Aliyeifunga anajua hivyo tangu anapoifunga. Nami naamini kwamba kujua huko kuliwafaa watu kuliko tunavyokumbuka leo, wakati kamba ya nailoni inaning'inia katika kila duka la kijiji na inauzwa kwa bei ya mtu yeyote.

Nianze na utengenezaji, kwa kuwa tabia ya kitu huanza kuonekana pale kinapotengenezwa.

Maganda makavu hayapotwi jua likiwa kali, maana saa hizo huvunjika mkononi. Huchukuliwa asubuhi yakiwa na umande, au hunyunyiziwa maji na kuviringishwa ndani ya jani bichi mpaka yalainike. Fundi huyachana kwa ukucha akifuata urefu wa nyuzi zake, apate vipande vya unene mmoja. Asipoangalia hapo, kazi imeharibika kabla haijaanza: kipande chembamba kitajizungusha tu juu ya kinene, na siku ya mzigo kinene kitabeba peke yake mpaka kikatike. Kisha huketi, hunasa ncha mbili kwenye kidole gumba cha mguu, na kuzipota moja moja kwa kiganja juu ya paja, zote kuelekea upande mmoja. Zikishakaza, huziacha zizungukane kuelekea upande wa pili.

Hapo ndipo kamba inapozaliwa. Kila uzi unataka kujikunjua urudi ulivyokuwa, lakini ukijikunjua unaukaza wa pili. Nao wa pili ukitaka kujikunjua unaukaza wa kwanza. Kinachozishika nyuzi mbili pamoja ni kule kutaka kwa kila moja kuachana na nyingine. Mtu akizipota na kuzizungusha zote upande mmoja, atakuwa na kitu kinachofanana na kamba mpaka atakapokiachia mkono.

Watu wengi hudhani umoja ni wote kuelekea kumoja. Tukiangalia nyumba zilizosimama muda mrefu tunaona jambo jingine. Mume mkarimu na mke mwenye hesabu hulalamikiana maisha yao yote, na ghala lao halikauki. Wakarimu wawili hugawa hadi mbegu. Wachoyo wawili hufa bila wa kuwazika. Mvuto usio na wa kuujibu hauna pa kushika.

Lipo pia suala la kuunga. Uzi hauongezwi umekwisha. Huongezwa ungali na nguvu, ili mpya na wa zamani zitembee pamoja kwa kitambo kabla wa zamani haujatoka. Tena nyuzi mbili haziungwi mahali pamoja. Babu anayemfundisha mtoto kazi hii humwambia, "Unga mapema, mjukuu wangu, na usiunge pawili kwa pamoja." Ni onyo la ufundi tu, lakini mwenye kibanja atalielewa zaidi. Mzee anayewaonyesha wanawe mipaka akiwa bado anatembea, awataje majirani na kila mti uliopandwa mpakani, ameunga uzi kwa wakati wake. Anayengoja alale kitandani amewaachia kesi ya baraza la ardhi.

Si kila kamba ilitoka kwenye mgomba. Palipohitajika nguvu zaidi, watu waligeukia magome ya miti. Ganda la ndani, lile laini lililo kati ya gome gumu na mti wenyewe, lilichunwa kwa vipande virefu na kupotwa likiwa bichi. Na hapo mchunaji hukutana na swali ambalo mgomba haumuulizi, kwa sababu ganda la mgomba limekwisha kufa, lakini gome la mti liko hai. Ndani yake ndimo chakula kinachotengenezwa na majani kinapopita kushuka mizizini. Mti ukichunwa kuzunguka shina zima na kuachwa hivyo utakufa, hata kama majani yake yatabaki ya kijani kwa miezi kadhaa na kumpa mchunaji nafasi ya kusema hakufanya kitu.

Hata hivyo uko mti unaochunwa kuzunguka shina zima na ukaishi. Ni ule wa jamii ya mkuyu ambao Waganda huuita mutuba, unaotoa gome la kutengenezea nguo. Kazi hiyo ilifanyika huku Buhaya pia, na Buganda inaendelea hadi leo. UNESCO iliitangaza mwaka 2005 kuwa miongoni mwa urithi wa wanadamu wote. Gome huchunwa msimu wa mvua, kwa mkono usiokwaruza utando wa utelezi unaobaki juu ya mti. Kisha, kabla jua halijapata nafasi, shina lililo wazi hufungwa majani ya mgomba kutoka juu hadi chini kama mtu aliyejeruhiwa. Gome jipya huota humo ndani. Mti mmoja huvunwa hivyo miaka na miaka.

Sasa tuangalie upande wa pili wa nchi yetu. Katika misitu ya miombo ya Tabora na Katavi wako warina asali waliotengeneza mizinga kwa gome la shina zima, na nyuma yao ikabaki miti mikavu iliyosimama. Kisu ni kilekile na gome ni gome. Tofauti naiona katika jambo moja tu: mchunaji wa mutuba anajua kwamba mwakani atarudi kwenye mti uleule, akiwa na njaa ileile. Yule wa porini ana msitu mkubwa mbele yake, na hatarajii kupita hapo tena. Siamini kwamba mmoja ameumbwa mwema na mwingine mbaya. Atakayerudi hufunika jeraha.

Jambo hilo ndilo nililokuwa nalitafuta niliposema kuwa kamba inayooza ilikuwa na faida. Kilichooza kilimrudisha aliyekifunga.

Nyumba ya msonge, ile ya Wahaya iliyoshuka kutoka kileleni hadi chini kwa mduara, haikuwa na msumari. Matete na fito zilifungwa pete juu ya pete, na kila fundo lilikuwa na miaka yake. Zikilegea, mwenye nyumba aliita majirani, nao walikuja kwa kuwa nyumba zao wenyewe zilikuwa na zamu yao ya kulegea. Hakuna aliyekuwa na paa la kumtosha kuwakosea wenzake adabu. Ziwani, mitumbwi ya mbao iliyojulikana kwa jina la visiwa vya Sese ilishonwa kwa nyuzi za mimea, ubao kwa ubao. Huko bahari ya Hindi mitepe ya Lamu ilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Chombo kilichoshonwa hakimruhusu nahodha kulala. Kabla ya safari hupitisha mkono kwenye mshono wote, na mkono uliopita kwenye mshono wote umeijua hali ya chombo chote.

Sitaki mtu anidhanie kuwa nawaita watu warudi kwenye msonge. Ulikuwa na giza, moshi uliwaharibu macho akina mama, na cheche moja ilitosha kuumaliza kwa usiku mmoja. Nyumba ya matofali ni nzuri, lakini nayo inataka kifungo. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lililoangusha nyumba nyingi Bukoba na vijiji vinavyoizunguka halikuangalia urembo wa ukuta. Ukuta usiofungwa kwa nondo wala mkanda wa zege haupindi, huanguka. Tulipoacha kamba tulidhani tumeacha na kazi ya kufunga, na hilo ndilo kosa.

Kamba nayo ilibadilika kwa hatua. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida; iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo Tanganyika ikaja kuwa mzalishaji wa kwanza wa katani duniani, na katika miaka ya 1960 mavuno yalipita tani 200,000 kwa mwaka. Meli za mataifa zilifungwa gatini kwa mkonge wetu na kwa nyuzi za abaka, mmea ulio ndugu wa mgomba kutoka Ufilipino. Halafu nailoni na plastiki vikaingia sokoni, na mashamba ya Tanga yakaingia magugu.

Nailoni ilishinda kwa haki. Mvuvi wa Goziba au Bumbire hawezi kutia nanga kwa maganda ya mgomba, na ndoo ya kisima haihitaji kamba ya kukumbusha. Penye hatari ya uhai, chenye nguvu zaidi ndicho kinachofaa. Ninacholalamikia ni kwamba tumechukua nguvu ile ya nanga tukaipeleka kila mahali, hata mahali ambapo kinachofungwa kinakua.

Tazama mparachichi uliofungwa kamba ya kuanikia nguo. Mwaka wa kwanza hakuna kitu. Mwaka wa pili gome limeinuka kidogo juu na chini ya kamba. Baadaye midomo hiyo miwili hukutana, kamba humezwa ndani, na mwenye nyumba husema mti umeizoea. Haujaizoea. Pale ilipokaba, chakula kinapita kwa shida, shina limebaki jembamba, na siku ya upepo wa ziwa mti utavunjikia hapo hapo, ukiwa na matunda. Ndama naye hufungwa shingoni akiwa wa wiki chache, kwa kamba ambayo haitaoza wala kukatika. Anakua kila siku, fundo halikui. Mchungaji humwona asubuhi na jioni na kwa kumwona sana haoni kitu, mpaka harufu ya kidonda imwite. Ganda la mgomba lingekatika zamani, ndama angezurura, angekula mahindi ya jirani, mchungaji angegombezwa. Lakini angefunga upya, na kwa kufunga upya angeipima shingo.

Ziwani madhara ni makubwa zaidi. Wavuvi wa Muleba wanazijua nyavu za timba, zile za uzi mmoja wa plastiki ambazo sheria inazikataza. Wavu wa nyuzi za mimea ukipotea chini ya maji huoza na kukoma kuvua. Timba ikipotea huendelea kunasa samaki wasio na wa kuwala. Mwenyewe amekwisha sahau, labda amehama mwalo, labda amekufa. Kazi ya mikono yake bado inaua. Uzito wa tendo hupimwa pia kwa muda linaoendelea baada ya mtendaji kuondoka, na kwa kipimo hicho zana zetu za leo zinatutaka tuwe waangalifu kuliko babu zetu, wakati sisi tumepunguza uangalifu kwa sababu zana ni madhubuti.

Wanadamu hufungana wao kwa wao vilevile. Katika mkoa wa Kagera kila mtu analijua neno butura. Mkulima aliyebanwa na ada ya shule, ugonjwa au msiba huuza kahawa yake ingali maua, kwa bei ya aliyebanwa. Shida yenyewe huchukua wiki moja. Mavuno yanapokuja, shida imekwisha kusahauliwa, lakini kifungo kiko palepale, na sasa kinakaba mwaka unaofuata: hana kahawa ya kuuza, hana ada, anauza maua mengine. Serikali imepiga vita butura kwa miaka mingi, vyama vya ushirika vimehubiri, na bado ipo, kwa kuwa fundo linalofungwa saa ya njaa hufungwa na mkono mmoja tu. Aliyeshiba ndiye anayechagua aina ya kamba. Deni la haki lina siku yake ya kuoza; lisilo na siku hiyo si msaada, hata kama lilitolewa kwa sauti ya huruma.

Vivyo hivyo malezi. Mtoto wa miaka saba hukatazwa ziwa, hukatazwa kisu, hukatazwa kutoka baada ya giza, na ni sawa. Akifika ishirini akiwa na makatazo yaleyale, mzazi anaita heshima kile ambacho ni fundo lililosahauliwa. Kijana huyo ama atavunja kamba na ngozi pamoja, ama atakaa kimya akibaki mwembamba pale alipokabwa. Mzazi mwenye busara hulegeza kabla hajaombwa. Kulegeza kunakoombwa huwa kumechelewa kidogo, na kunakodaiwa kumechelewa sana.

Kinyume chake ni vyama vya kuzikana ambavyo karibu kila kijiji kinavyo. Havina nguvu yoyote ya kudumu. Mtu asipochangia misiba miwili mitatu, asipobeba maji wala kuchimba kaburi, anatoweka katika hesabu za wenzake bila hukumu yoyote. Ukitazama kwa haraka utaviona dhaifu. Lakini vimekaa kuliko mipango mingi iliyoandikwa na kupigwa mihuri, kwa sababu kila msiba ni siku ya kufunga upya, na anayefunga upya anajua ni nani anafungamana naye.

Atakuja mtu aseme kwamba ninafundisha ulegevu: kwamba ndoa, ahadi na udugu vinataka kamba isiyokatika. Hoja hiyo ina uzito, na sitaki kuiruka. Lakini turudi kwenye kamba iliyo mkononi. Kamba ya mgomba haikuachii ukiwa na mzigo bila onyo. Hutoa nyuzi kwanza, hugeuka rangi, hulegea kwenye fundo. Mwenye macho ana siku nyingi za kusokota nyingine. Ndoa zilizodumu, nilizoziona mimi, zilifungwa mara nyingi. Walipokuwa hawana watoto walikuwa na makubaliano yao, watoto walipokuja wakayabadili, uzee ulipoingia wakayabadili tena. Zilizovunjika kwa kishindo ni zile ambazo mmoja aliamini fundo la siku ya harusi litajishika lenyewe. Kudumu ni kazi ya mikono. Kamba peke yake haidumishi mtu.

Neno la mwisho ni la kibanja, maana huko ndiko kamba inakoanzia. Mnyauko bakteria uliingia Kagera katikati ya miaka ya 2000 na umeua migomba mingi. Husafiri kwa kisu na panga kutoka shina linaloumwa kwenda lililo zima. Anayekata maganda ya kupota asiingie kibanja chenye mnyauko akatoka na kisu hichohicho kwenda kwake. Akipitishe kwenye moto mpaka kipate joto kabisa, kila atokapo mgomba mmoja kwenda mwingine. Mabaki ya nailoni nayo yasilimiwe ardhini. Jua huyakatakata yakawa vipande, lakini hayaozi, na mjukuu atayakuta kwenye jembe lake. Na aliye na ndama nyuma ya nyumba, au mti wenye kamba ya nguo, asingoje kumaliza shughuli nyingine. Aende ajaribu kupitisha vidole viwili kati ya kamba na shingo, kati ya kamba na gome. Visipopita, afungue leo.